Moshi Mmoja, Vifua Mbalimbali

(Hotuba juu ya urithi wa mwili na maradhi ya mapafu, iliyosomwa mbele ya machifu, wazee na waalimu)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya maradhi ya kifua yasiyokoma. Hatusemi leo habari za mafua, ambayo huja na kwenda zake. Wala hatusemi habari za kifua kikuu, ambacho kina viini vyake na dawa zake. Twataka kusema juu ya ugonjwa ule uingiao pole pole, mwaka baada ya mwaka. Mtu huanza kwa kukohoa asubuhi, kisha hutoa makohozi kila siku, kisha huona kilima alichokizoea tangu utoto kimekuwa kirefu. Mwisho hawezi hata kufunga kamba za viatu vyake bila ya kuhema.

Jambo tulilokusudia ni kujibu swali moja ambalo halina mtu hapa asiyepata kulisikia. Mbona watu wawili huvuta tumbaku ile ile, au hukaa katika moshi ule ule, na mmoja huharibika mapafu kabla ya kufika miaka 50, na mwenziwe huzeeka akitembea kwa miguu yake mpaka gulioni? Swali hili si la kupitisha wakati tu, maana majibu yake mabaya yamevunja nyumba za watu. Wako wasemao kwamba mgonjwa amerogwa, na jirani asiye na hatia hutazamwa kwa jicho baya. Wako wasemao kwamba ukoo wa mama ndio ulioleta balaa, na mke hurudishwa kwao. Na wako wasemao, "Babu yetu alivuta kiko mpaka akafa na miaka 90, basi tumbaku haina neno." Neno hili la tatu latutia hofu kuliko mawili ya kwanza, kwa sababu husemwa kwa kucheka, na vijana hulisikia.

Kwanza yafaa tujue mapafu ni kitu gani. Wengi hudhani ni mifuko miwili mitupu, kama kibofu cha mpira. Sivyo. Mtu akiyatazama kwa darubini huona vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, vimepangana kama vyumba vya sega la asali. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba mno, na ndani yake zimo nyuzi zinyumbukazo, ambazo hutanuka tuvutapo pumzi na kurudi tutoapo. Ugonjwa tunaousema huzikata nyuzi hizo na kuzibomoa kuta. Vyumba vingi vidogo huwa chumba kimoja kikubwa kisicho na kazi, nayo hewa hunaswa humo isipate kutoka vizuri. Madaktari huita uharibifu huo emfisema. Ukuta uliokwisha bomoka haujengwi tena, wala hapana dawa iliyopata kuurudisha.

Swali letu halikuulizwa vijijini kwetu tu. Liliulizwa na Ulaya pia, katika miji ambayo moshi wa viwanda na wa sigara ulikuwa umejaa vifuani mwa watu. Katika mji wa London madaktari waliwafuata wanaume 792 wenye kufanya kazi, kwa muda wa miaka 8, wakawapima mara kwa mara nguvu ya kupuliza pumzi. Habari za kazi hiyo zilitolewa na Charles Fletcher na Richard Peto mwaka 1977. Yalionekana mambo matatu. Kwanza, pumzi ya kila mtu mzima hupungua kidogo kidogo kwa umri, hata ikiwa havuti. Pili, wavutaji hawakuwa sawa: wengine pumzi yao ilishuka taratibu, karibu sawa na ya wasiovuta, na wengine ilishuka mbio kama jiwe liporomokalo mlimani. Tatu, mtu aliyeacha kuvuta hakurudishiwa pumzi aliyoipoteza, lakini tangu hapo ilishuka kwa mwendo wa kawaida wa umri. Tuliweke jambo hili la tatu moyoni, maana tutalirudia.

Basi wasemao kwamba vifua vya watu si sawa wamesema kweli. Lakini sababu yake ni nini? Hapo ndipo tuingie katika habari za urithi.

Katika damu yetu mna chembe nyeupe, nazo ni askari wa mwili. Viini vya ugonjwa au moshi viingiapo mapafuni, askari hawa hukimbilia huko. Kila mmoja amechukua panga lake, yaani kitu kikali kiitwacho elastasi, na kwa panga hilo hukata viini na takataka. Kazi hiyo ni njema, na bila ya hiyo tungekufa upesi. Lakini panga halina macho. Likiachwa wazi baada ya vita, hukata hata nyuzi zile zinyumbukazo, na kubomoa nyumba ile ile lililokuja kuilinda.

Kwa sababu hiyo mwili hujitengenezea ala. Ini hufanya kitu kiitwacho alfa-1 antitripsini, hukitia katika damu, na damu hukipeleka mapafuni. Huko hulishika panga lililokwisha kazi yake na kulifunga lisikate tena. Mtu mwenye ala za kutosha, askari wake hufanya kazi na nyumba isiharibike. Mtu mwenye ala chache, kila vita vipiganwavyo kifuani mwake humwachia kuta zilizobomoka.

Habari za ala hii zilijulikana kwa macho ya mtu aliyetazama kazi yake kwa uangalifu. Katika mji wa Malmö, nchi ya Sweden, alikuwako mkuu wa maabara jina lake Carl-Bertil Laurell. Damu ya wagonjwa ilipoletwa kwake, maji yake yalipitishiwa umeme, na vitu vilivyomo vikajitenga na kujipanga kwa mistari. Katika vipimo 1500 hivi aliona 5 ambavyo mstari mmoja ulikuwa haupo mahali pake. Mtu mwingine angalidhani ni kosa la chombo, akavitupa. Yeye hakuvitupa. Pamoja na daktari kijana aitwaye Sten Eriksson walitafuta wenye damu hiyo, wakaona kwamba 3 katika 5 walikuwa na mapafu yaliyoharibika ingawa umri wao haukuwa mkubwa, na katika ukoo wa mmoja ugonjwa huo ulikuwa umejulikana. Wakatangaza jambo hilo mwaka 1963. Mstari ule uliopotea ndio ala tunayoisema.

Sasa, kwa nini mtu azaliwe na ala chache? Sisi tulio makarani twaweza kulifahamu jambo hili kwa mfano wa kazi yetu. Ndani ya chembe za mwili mna maandiko ya urithi, kama kitabu cha maagizo, nayo yameandikwa kwa herufi nne tu zirudiwazo rudiwazo. Fungu moja la maandiko hayo huitwa jeni, nalo huagiza jinsi ya kufanya kitu fulani mwilini. Karani akinakili barua ya kuagiza bati 10 za kuezekea shule, akaandika "bata 10", amekosa herufi moja tu. Lakini mvua itawanyeshea watoto darasani, na bata watakuwa wakitembea uani. Ndivyo ilivyo katika urithi. Ala ile imefanywa kwa vijenzi 394, vimefuatana kama shanga katika uzi. Katika namna moja ya jeni iitwayo Z, herufi moja imebadilika, na kwa hiyo ushanga wa 342 si ule uliopaswa kuwapo. Kwa sababu ya ushanga mmoja huo, uzi wote hukunjika vibaya. Ala hushikamana zenyewe kwa zenyewe humo humo katika ini, zisipate njia ya kutoka. Mtu mwenye Z tupu huwa na ala kama 10 hadi 15 tu mahali pa 100. Ndiyo maana wengine wao huugua mapafu, na wengine huugua ini pia, kwa sababu ya shehena iliyokwama humo.

Kila mtu hupokea nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Namna ya kawaida huitwa M. Mwenye M mbili ana ala tele. Mwenye M moja na Z moja ana ala zaidi ya nusu, naye kwa kawaida hajijui kuwa ana lolote. Mwenye Z mbili ndiye aliye katika hatari kubwa.

Waalimu watatusaidia kuwafundisha watoto hesabu hii. Tuseme baba ana M na Z, na mama naye ana M na Z, wote wawili wazima, hawakohoi. Kila mtoto wao ana fungu moja katika manne la kupata Z mbili, mafungu mawili katika manne la kuwa kama wazazi wake, na fungu moja katika manne la kupata M mbili. Wala isidhaniwe kwamba watoto watatu wakizaliwa wazima, wa nne hana budi kuugua. Kura hupigwa upya kwa kila mimba. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, nao walikuwa wameona mengi. Lakini katika jambo hili mithali hiyo haitoshi, maana wazazi wazima waweza kuzaa mtoto dhaifu wa mapafu, na ndugu wa tumbo moja waweza kutofautiana kama usiku na mchana.

Twaomba wanaume waangalie hapo. Mtoto hawezi kuwa na Z mbili ila baba naye ametoa moja. Basi mtu amrudishaye mkewe kwao kwa kusema ukoo wake una ugonjwa, hajui kwamba nusu ya ushahidi imo katika damu yake mwenyewe.

Je, mwenye Z mbili amekwisha hukumiwa? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Tangu mwaka 1972 hata 1974, katika nchi ya Sweden walipima damu ya watoto wachanga 200,000. Wakapatikana 127 wenye Z mbili, yaani mmoja katika kila 1600 hivi. Wazazi wao wakaambiwa habari, wakashauriwa kuwakinga watoto hao na moshi wa tumbaku, na kuwalea wakijua kwamba sigara si kitu chao. Madaktari wakawafuata tangu utoto hata wakawa watu wazima. Walipokuwa vijana, wenye kuvuta sigara miongoni mwao walikuwa wachache kuliko miongoni mwa vijana wenzao. Walipofika miaka 30 na zaidi, walio wengi walikuwa na pumzi njema. Na mwaka 2017 madaktari wa nchi hiyo wakatangaza kwamba wenye Z mbili ambao hawakuvuta kamwe, na waliojulikana kwa kupimwa tu, si kwa kuugua, wameishi miaka karibu sawa na watu wengine wasiovuta. Lakini wenye Z mbili wavutao sigara, mara nyingi huanza kuhema wakiwa na miaka 30 au 40 na kitu, wakati mtu anaposomesha watoto na kujenga nyumba. Maandiko ni yale yale, kosa la herufi ni lile lile. Kilichowatenga watu hawa ni moshi.

Ushahidi mwingine ulitoka Ireland mwaka 2014. Huko walipimwa ndugu wa jamaa zile zile, wengine wenye M mbili na wengine wenye M moja na Z moja. Miongoni mwa wale wasiovuta kamwe, Z moja haikuonekana kuwadhuru mapafu. Miongoni mwa wale waliovuta, wenye Z moja njia zao za hewa zilikuwa zimeziba zaidi kuliko ndugu zao. Basi mtu aweza kuchukua kosa dogo mwilini mwake maisha yake yote na lisimletee neno, mpaka aliamshe kwa mkono wake mwenyewe.

Huenda mkauliza, moshi hufanyaje? Hufanya mabaya mawili kwa mara moja. La kwanza, huwaita askari wengi zaidi mapafuni, na kila mmoja huja na panga lake. La pili, moshi wa tumbaku huziharibu hata zile ala zilizopo, zikawa hazishiki panga. Mwenye ala nyingi hupata hasara, na mwenye ala chache hufilisika.

Kuna dawa moja ya ugonjwa huu wa Z ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 1987. Ala hutolewa katika damu ya watu wazima wenye afya waliokubali kutoa, husafishwa, na mgonjwa hutiwa mshipani, kwa kawaida kila wiki. Jaribio lililotangazwa mwaka 2015 lilionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza mwendo wa kuharibika kwa mapafu. Lakini hairudishi yaliyoharibika, na bei yake ni kubwa mno. Kwa hiyo dawa iliyo karibu na kila mtu, isiyouzwa dukani, ni kukaa mbali na moshi.

Sasa turudi kwetu. Isije ikasemwa kesho barazani kwamba kila mzee akohoaye kijijini ana Z. Namna hiyo ya Z ni nyingi kwa watu wa Ulaya, hasa wa kaskazini, na kwa watu wa asili ya Afrika ni nadra sana. Tumeieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo ionyeshayo wazi wazi jinsi urithi na moshi vishikanavyo mikono. Lakini urithi wa mapafu hauko katika jeni moja tu. Mwaka 2023 walitangaza wataalamu habari za watu zaidi ya 580,000 waliopimwa pumzi na kusomwa maandiko yao ya urithi, na wakaonyesha sehemu zaidi ya 1000 katika maandiko hayo zihusianazo na nguvu ya mapafu. Kila moja huongeza au hupunguza kidogo tu, kama punje moja ya mtama katika mizani. Lakini punje nyingi zikikusanyika upande mmoja, mizani hulala. Ziko na jeni nyingine ambazo hugusa tamaa ya tumbaku: mwenye nazo huvuta zaidi na kuona taabu zaidi kuacha. Basi mwenzenu akijaribu kuacha akashindwa mara ya kwanza, msimcheke. Msaidieni ajaribu tena.

Katika watu hao zaidi ya 580,000, walio wengi sana walikuwa wa asili ya Ulaya. Nasi Waafrika ndio wenye tofauti nyingi za urithi kuliko watu wa bara lo lote. Maana yake ni kwamba kitabu cha vifua vyetu hakijasomwa sana. Waalimu, hii ni kazi inayowangoja watoto mnaowafundisha hesabu na elimu ya viumbe leo.

Lakini moshi wetu twaujua. Katika wilaya ya Masindi, nchi ya Uganda, watu 588 wa vijijini wenye umri wa zaidi ya miaka 30 walipimwa pumzi, na habari zake zikatangazwa mwaka 2015. Walioonekana kuwa na ugonjwa huu wa kuziba njia za hewa walikuwa kama 16 katika kila 100. Nao hawakuwa wazee tu: katika wagonjwa hao, karibu 4 katika kila 10 walikuwa na miaka kati ya 30 na 39. Wanawake walikuwamo sawa na wanaume. Karibu watu wote wa huko hukaa katika moshi wa kuni za kupikia. Mwanamke asiyepata kushika sigara maisha yake yote, huinama juu ya mafiga asubuhi na jioni, akipuliza kuni mbichi katika jiko lisilo na dirisha, na mtoto mgongoni. Huyo naye ni mvutaji, ijapokuwa hakupenda. Na kama kifua chake ni cha wale waliozaliwa na ulinzi mdogo, hapana ajuaye mpaka madhara yamekwisha kufanyika.

Yatupasa basi kujibu yale maneno matatu tuliyoyataja mwanzoni.

Kwa wale wasemao uchawi: tumeona kwamba ndugu wawili waweza kutofautiana kwa herufi moja iliyoandikwa kabla hawajazaliwa. Jirani hakuiandika. Chifu aletewaye shauri la namna hiyo na aulize kwanza kama mgonjwa amepelekwa hospitali, na kama alikuwa akivuta, na moshi wa nyumbani mwake hutokea wapi.

Kwa wale wasemao ukoo wa mama: hesabu ya nakala mbili imekwisha wajibu.

Na kwa wale wasemao babu alivuta hata miaka 90: twafurahi kwa ajili ya babu. Lakini mjukuu hupokea kwa babu mmoja kama robo tu ya maandiko yake. Robo tatu zilizobaki zatoka kwa wengine. Nani amewaambia kwamba katika robo hiyo mmerithi mapafu yake, si masikio yake? Tena tuangalie mashahidi wanaoitwa. Babu mmoja aliyeishi yupo barazani, watu humwona na kumsifu. Wale waliovuta pamoja naye wakafa na miaka 45 hawapo kutoa ushahidi wao. Kesi isikilizwayo kwa mashahidi wa upande mmoja haiwezi kuamuliwa kwa haki.

Liko na kosa la nne, nalo ni la wale watakaosikia maneno yetu wakasema, "Kama imeandikwa katika damu, basi sina la kufanya, niache nivute." Hao wamesikia nusu ya habari. Wale watoto wa Sweden waliandikiwa vibaya kuliko wengi wetu, na walio wengi wameokoka kwa kukaa mbali na moshi. Na wale wanaume wa London waliendelea kupoteza pumzi mbio mpaka siku walipoacha, na siku hiyo mwendo ukapungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mapafu, kama tulivyosema, hapana fundi aujengaye.

Basi twaleta mashauri haya machache.

Mtoto asitumwe kununua sigara, wala asitumwe kuleta kaa la moto la kuwashia kiko cha mzee. Mkono utumwao leo ndio utakaovuta kesho.

Jiko liwe na dirisha au nafasi ya juu ya kutolea moshi. Kuni zikaushwe kabla ya kutumiwa. Na penye uwezo, lijengwe jiko lenye bomba la kutolea moshi nje. Kwa siku zisizo na mvua, kupika nje ni bora. Mtoto mchanga asiwe karibu na moto uwashwapo. Kazi hii si ya wanawake peke yao. Mwanamume ajengaye ghala nzuri ya mahindi na kuliacha jiko la mkewe bila ya tundu la kutolea moshi, amelinda chakula kuliko mpishi.

Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili asikae nyumbani akikisia. Aende hospitali apimwe kwanza kifua kikuu, kwa sababu hicho hutibika, na kisipotibiwa huwaambukiza wengine na kuyaachia mapafu makovu. Ikiwa si kifua kikuu, apimwe pumzi.

Na aendapo hospitali, asifiche habari za ukoo wake. Amwambie daktari kama baba, mama, au ndugu yake aliugua mapafu au ini akiwa bado kijana. Katika desturi zetu mambo haya huonwa kuwa aibu, hata huzikwa pamoja na marehemu. Lakini tumeona kwamba kosa la herufi si dhambi ya mtu wala laana ya nyumba. Habari ya kaka mmoja iliyosemwa mapema yaweza kuwaokoa wadogo zake wote. Na ikifichwa, kila mmoja ataijua kwa kuugua kwake.

Hatukuchagua maandiko tuliyozaliwa nayo, wala hapana awezaye kuyasoma kwa kumtazama mtu usoni. Kijana mwenye kifua kipana na mabega ya mchukuzi aweza kuwa ndiye mwenye ala chache. Kwa kuwa hatujui ni nani kati yetu aliye dhaifu, hekima ni kuuondoa moshi kwa wote, ili aliye dhaifu apone bila ya kujulikana, na aliye na nguvu asipungukiwe na kitu.

 Mwenye swali na aulize, na aliye na mgonjwa nyumbani asingoje mkutano mwingine.